Wikendi ya wawili Mombasa: kila chakula na saa yake

Swali: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tunakaa Umoja, Nairobi, na mwezi ujao tunatimiza miaka mitano ya ndoa. Watoto tutawaacha kwa nyanya yao. Tunakuja Mombasa kwa treni Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Hatutaki hoteli za ufuoni wala bufee. Tunataka kutembea mjini, tule vya mtaani na kwenye hoteli ndogo ndogo. Tumetenga shilingi elfu kumi za chakula. Wasiwasi wangu ni mmoja: mwaka juzi tulipokuja pwani mume wangu alikula mahamri na mbaazi kibandani, alasiri, akaumwa tumbo safari nzima iliyobaki. Tule wapi, na tufanyeje asiumwe tena?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa miaka mitano. Nimekulia Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mama yangu akiuza mahamri mlangoni petu, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaokuja kula mji huu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na neno lililonisimamisha ni "alasiri". Umeniuliza mle wapi. Mimi nitawajibu zaidi mle saa ngapi, kwa sababu Mombasa kila chakula kina saa yake, na mtu akiishika saa hiyo atakuta chakula kitamu na tumbo lake litakaa salama.

Tuanze na hizo mbaazi. Mbaazi za Mombasa hupikwa kwa nazi: zinachemshwa mpaka zilainike, zinatiwa tui la pili, zinaachwa zikolee, kisha mwisho kabisa linamiminwa kasimile, lile tui zito la kwanza, bila kuachwa kuchemka sana. Ni chakula cha asubuhi. Mpishi anaamka usiku kwa ajili yake, na saa tatu asubuhi sufuria nzuri huwa imekwisha. Tui halivumilii joto letu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye moto au baridi, na sufuria ya mbaazi iliyotoka jikoni alfajiri ikafika alasiri imekaa zaidi ya mara nne ya muda huo. Wengine huipasha upya mteja akitokea. Moto huua vijidudu vyenyewe, lakini sumu ambayo baadhi yao huwa wameshaiacha ndani ya chakula haiondoki kwa kupashwa. Sikuwepo kibandani siku hiyo, lakini kwa ulivyonieleza, ningeanza kuishuku saa ile kabla sijaushuku usafi wa mpishi. Mumeo asizichukie mbaazi. Azile asubuhi.

Sasa safari yenyewe. Treni ya saa tisa alasiri kutoka Syokimau, stesheni ya Nairobi, hufika Miritini kama saa mbili usiku. Miritini ni bara, nje ya kisiwa, kwa hiyo mtapanda matatu au teksi kupitia Changamwe na Makupa hadi mjini. Chumba tafuteni kisiwani, Mji wa Kale au karibu na Moi Avenue. Mkilala Nyali au Bamburi mtatumia wikendi yenu kwenye foleni ya daraja, na alfajiri ya Jumamosi, ambayo ndiyo roho ya safari hii, itawapita.

Usiku huo wa Ijumaa msitafute mengi. Wekeni mizigo mwende Tarboush, barabara ya Makadara. Ni mkahawa wa siku nyingi wenye watu wa kila aina, moto uko mbele unauona, na kuku wa tikka na mishkaki hutoka jikoni mpaka usiku. Agizeni kuku nusu, mishkaki michache na naan, mgawane. Nalisisitiza neno hili kugawana, kwa sababu ndilo litakalowafanya muonje vyakula kumi badala ya vitatu. Kwetu hapa watu wawili kula sahani moja si ubahili. Tumelelewa kwenye sinia moja.

Jumamosi amkeni kabla ya jua. Najua mko mapumzikoni, lakini nawaomba sana. Saa kumi na mbili na nusu muwe Mji wa Kale, vichochoro vya Kibokoni, wakati watu wametoka msikitini na kina mama wamekaa mlangoni na karai zao. Fuateni harufu ya iliki. Unga wa mahamri hukandwa usiku kwa tui, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, na alfajiri unasukumwa, unakatwa pembe nne au pembe tatu na kutumbukizwa kwenye mafuta. Hamri ikiwa nzuri hujaa upepo kama mto. Ichaneni: ndani kuwe wazi, kuta ziwe nyembamba, na isiwaachie mafuta vidoleni. Ikiwa nzito na imelala, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, na hiyo mnaweza kuiacha kwa heshima. Chukueni nne na bakuli moja la mbaazi, mkae hapo hapo kwenye baraza na chai. Kama kuna vitumbua, ongezeni viwili. Vile ni vya mchele uliolowekwa usiku kucha, na huliwa vikiwa bado vinachoma vidole.

Usione haya kuangalia kabla ya kununua. Mimi huangalia mafuta kwanza. Mafuta meusi yanayotoa moshi na harufu kali yamepika siku nyingi, napita. Kisha naangalia watu: pale wenyeji wanaposubiri zamu, hasa watoto waliotumwa na bakuli kutoka nyumbani, chakula hakilali. Mwisho naangalia mikono. Anayeshika pesa na anayeshika chakula wawe watu wawili, au awe na koleo. Mambo hayo matatu hayamchukui mtu hata dakika moja, na yamenilinda kuliko dawa yoyote.

Baada ya chai shukeni barabara ya Ndia Kuu polepole mpaka Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaiteka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hayo mtaelezwa mlangoni. Mimi huwaambia wageni wangu jambo jingine wakiwa wamesimama juu ya kuta zile wakitazama bahari: pilipili na muhogo asili yake ni Amerika, na ni meli za Wareno zilizovileta Afrika. Shikeni hilo mpaka jioni, kuna mahali mtalikumbuka.

Kama saa nne pitieni soko la Marikiti, barabara ya Digo. Hapa hamli sana. Mnanusa, mnauliza, mnanunua vya kupeleka nyumbani: pilipili manga, mdalasini, binzari ya pilau iliyosagwa mbele yenu. Mtaa wa Biashara uko hapo karibu, na ukipenda mumeo akununulie leso ya miaka mitano, soma jina lake kabla hajalipa, maana leso huongea na utaivaa ikiwa na maneno yale. Jua likikaza, nyweni madafu. Dafu ni kinywaji salama kuliko vyote mjini hapa, kwa kuwa linafunguliwa mbele yako. Sharubati ya ukwaju na maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu nazipenda mno, ila kwa mwenye tumbo jepesi nasema hivi: omba bila barafu, na ukwaju ununue mahali unapoona maji ya chupa au ya kuchemshwa. Barafu ya mtaani hakuna ajuaye maji yake yametoka bomba gani.

Chakula cha mchana ndicho chenye saa kali kuliko vyote. Hoteli ndogo za Mji wa Kale na za nyuma ya Marikiti hupika sufuria moja ya wali wa nazi, moja ya pilau au biriani, na samaki wa siku hiyo. Saa sita na nusu mtakuta kila kitu. Saa nane na nusu mtakuta ukoko. Msisubiri njaa iwaume, ingieni mapema. Agizeni samaki wa kupaka mmoja na wali sahani mbili. Samaki huyu huchomwa kwanza kwa makaa, kisha hupakwa rojo la tui, nyanya, ukwaju na viungo huku akigeuzwa, mpaka rojo limshike. Akitoka jikoni anaelea kwenye mchuzi mwepesi, huyo amechemshwa, hakupakwa.

Ulizeni, "Samaki gani wa leo?" Mpishi mkweli atakutajia jina: changu, tafi, kolekole, nguru. Anayejibu "samaki tu" hajui alivuliwa lini. Mkija wakati wa kaskazi, tangu Disemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na samaki ni wengi. Wakati wa kusi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, mawimbi huzuia vyombo vidogo, samaki hupungua na bei hupanda, na wakati huo mimi huwaelekeza watu kwenye biriani ya mbuzi bila majuto.

Kisha laleni. Sikutanii. Kati ya saa nane na saa kumi mji wenyewe unapumzika, maduka mengi ya Mji wa Kale hufunga milango, na vibandani vimebaki vile vya asubuhi. Ndiyo saa aliyoumwa mumeo. Mkiwa na njaa kuleni ndizi au embe mlilolimenya wenyewe.

Saa kumi na moja pandeni tuktuk mwende Mama Ngina. Bustani ile ya ufukweni ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, mibuyu mikubwa ikaachwa ilipo, nashukuru. Kaeni kwenye ukuta mtazame meli kubwa zikiingia mlango wa Kilindini, karibu kiasi cha kuona mabaharia. Hapa chakula ni muhogo. Kuna wa kuchoma juu ya makaa, unapasuliwa katikati na kupakwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga, na kuna wa kukaanga, umekatwa mwembamba kama karatasi, unalia mdomoni. Chukueni wote wawili. Na mtakapohisi pilipili ile puani, kumbukeni kuta mlizosimama juu yake asubuhi. Mizinga ya Wareno ilinyamaza zamani, lakini muhogo wao tumeufanya wetu hadi mgeni haamini kwamba haukuzaliwa hapa. Nunueni na mabuyu mekundu, na achari ya embe kidogo. Achari ni kali, na kwa tumbo la mumeo kipande kimoja kinatosha.

Adhana ya magharibi ikilia, subirini. Wauzaji wengi wa Mji wa Kale huswali kwanza, na anayeharakisha atakuta majiko baridi. Kuanzia saa moja usiku ndipo karai zinaamka, na hii ndiyo saa niipendayo kuliko zote. Kuna viazi karai, viazi vilivyochemshwa vikachovywa kwenye uji mzito wa unga wenye manjano na kukaangwa, vinapasuliwa na kumwagiwa ukwaju. Kuna bajia, kachri, sambusa za nyama. Kuna mkate wa mayai, ambao mtautambua kwa mlio: chapati nyembamba inatandazwa, inatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, inakunjwa kama bahasha na kukaangwa mbele yenu. Na kuna mishkaki, nyama iliyolala kwenye tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi, kwa sababu utomvu wa papai hulainisha nyama hata ile ngumu.

Usiku huu ni salama kwa mumeo kuliko mchana wote, kwa sababu kila kitu kinatoka motoni kikiingia mdomoni. Msichukue kilichopangwa kwenye kioo tangu jioni, ombeni cha kutoka karai. Hatari ipo kwenye chatini na kachumbari. Vile havipiti motoni, vimekatwa na kuoshwa kwa maji usiyoyajua, na bakuli la chatini ya nazi likikaa wazi saa nyingi linaanza kuchacha kama zile mbaazi. Wewe onja. Yeye achukue ndimu na chumvi.

Supu ya pweza iacheni ya mwisho. Muuzaji ataitoa kwenye sufuria inayochemka, ina kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na ndimu, na vipande vya pweza anakata palepale. Mtataniwa, maana ni mke na mume, na pwani nzima inaamini supu hii inamtia mwanamume nguvu. Cheka nao. Mimi nainywa kwa ladha yake. Ukitaka pweza bora, angalia mwezi kabla ya kukata tiketi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji hutoka mbali sana, miamba hubaki wazi na wavuvi wanatembea kwa miguu wakimtafuta pweza mashimoni. Siku za maji mafu pweza huadimika, na anayeuzwa anaweza kuwa ametoka kwenye friza.

Kuhusu kahawa nitakueleza kama mwanamke kwa mwanamke. Muuza kahawa ana deli la shaba lenye makaa chini, anagonganisha vikombe ujue amefika, na kahawa yake ni chungu, haina sukari, imechemshwa na tangawizi. Inanywewa na tende, kashata au halua. Lakini mabaraza ya kahawa usiku hukaliwa na wanaume. Hakuna sheria ya kukuzuia. Toa salamu, kaeni pembeni, mzee mmoja atawasogezea nafasi na pengine atawauliza habari za bara. Ukiona aibu, mumeo alete vikombe viwili mnywe mkiwa mmesimama nje kidogo, watu wengi hufanya hivyo. Jifunike mabega na magoti mkiwa Mji wa Kale, leso yako mpya itafaa. Kushikana mikono hakuna neno. Kukumbatiana na kubusiana kuachwe chumbani, kwa heshima ya wazee wanaopita. Na msimpige mtu picha bila kumuomba, hasa mama aliye jikoni kwake.

Elfu kumi zenu zinatosha na zitabaki. Karibu kila muuzaji anapokea M-Pesa, lakini bebeni na sarafu na noti ndogo, maana kusubiri ujumbe wa simu kwa ajili ya kachri mbili kunamchelewesha mtu mwenye foleni.

Jambo moja liangalieni kwenye kalenda: Ramadhani. Mkija mwezi huo, mchana Mji wa Kale hauuzi chakula, na si adabu kula njiani mbele ya waliofunga. Lakini kuanzia alasiri meza za futari hutandazwa mitaani, na vyakula ambavyo siku nyingine unavitafuta utavikuta vyote mahali pamoja: kaimati, mkate wa sinia, mkate wa mofa, maandazi ya kila namna. Ningekuwa nyinyi, nisingeukwepa mwezi huo. Ningebadilisha saa tu, nilale mchana na kuishi usiku.

Jumapili msijibane. Kama asubuhi ya jana iliwapendeza, rudini kwa mama yule yule. Atawakumbuka, na mara ya pili huwa anaongeza mbaazi bila kuombwa. Kama mnataka kulala, amkeni mkale sambusa na aiskrimu Blue Room, barabara ya Haile Selassie, iliyofunguliwa mwaka 1952. Watu wa Mombasa wa rika langu tulipelekwa huko na wazazi siku za sikukuu, na ni mahali pazuri pa kukaa kwenye feni na mizigo yenu. Treni ya saa tisa inataka muwe Miritini mapema kwa ajili ya ukaguzi, kwa hiyo saa saba na nusu muwe mmeshaondoka kisiwani.

Watoto wapelekeeni mabuyu na halua, havina shida ya joto. Mahamri pia husafiri vizuri yakiachwa yapoe kwanza, yakafungwa kwenye karatasi na si kwenye mfuko wa plastiki ambamo yatatoa jasho. Mbaazi msibebe hata mama akiwasisitiza na kuwapa kopo la bure. Kabla treni haijafika Mtito Andei, tui litakuwa limeshageuka.